Theluthi ya Bryan Mullanphy

Wosia wa Bryan Mullanphy ungeenea nyuma ya bahasha. Aliuandika tarehe 31 Agosti 1849 katika mji wa St. Louis, Missouri. Hakuwa na mke wala mtoto, ila viwanja alikuwa navyo tele. Kiini chake ni sentensi moja: theluthi ya mali yangu yote, inayohamishika na isiyohamishika, naiachia Jiji la St. Louis liishike kwa amana, iwe mfuko wa kuwasaidia wahamiaji na wasafiri maskini wote wanaofika St. Louis wakiwa njiani, kwa nia ya kweli, kwenda kufanya makazi Magharibi.

Basi. Hakueleza nani ahesabiwe maskini, wala apewe chakula au nauli. Miaka miwili baadaye, 1851, akafariki, na sentensi hiyo ikaanza kuwasumbua mawakili. Mahakama ya Juu ya Missouri iliisoma mwaka 1860, ikaisoma tena mwaka 1934.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi St. Louis, riziki yangu ni ukalimani. Mji huu una Wakongomani wengi waliopitia Nyarugusu na kambi nyingine za Afrika Mashariki, na wenye shida mahakamani au hospitali huitiwa mtu kama mimi. Kazi ya ukalimani ina kusubiri kwingi kuliko kusema. Kwenye kusubiri huko ndiko nilikozoea kusoma kesi za zamani za mirathi, kwa sababu kesi za mirathi ni umbea ulioapishwa. Hii ya Mullanphy imenikaa kuliko zote.

Msomaji wa pwani atakuwa ameshasimama kwenye lile neno theluthi. Kwetu Waislamu mtu hausii zaidi ya theluthi mpaka warithi waridhie, na theluthi mbili zinazobaki zina wenyewe, kila mmoja na fungu lake. Mullanphy alikuwa Mkatoliki, tena katika nchi ambayo sheria yake ilimruhusu mwanamume asiye na mke wala mtoto kutoa kila alichonacho kwa amtakaye. Kikomo alijiwekea mwenyewe. Akakata palepale ambapo kadhi wa Tanga angemwambia akate, na mbili zilizobaki zikabaki kwa ndugu.

Ndugu wenyewe ndio hadithi, lakini lazima tuanze na baba.

John Mullanphy alizaliwa Ireland mwaka 1758, akawa askari Ufaransa ujanani, akavuka bahari hadi Marekani mwaka 1792 na kufika St. Louis mwaka 1804, mwaka uleule bendera ya Marekani ilipopandishwa hapa. Mji ulikuwa kijiji cha Wafaransa wauza ngozi za wanyama, kilichoanzishwa mwaka 1764 ukingoni mwa mto Mississippi. Alinunua ardhi. Halafu vita na Uingereza ilipoanza mwaka 1812 akanunua pamba bei ikiwa chini, na amani iliporudi mwaka 1815 akaipeleka Ulaya kwa bei ya njaa ya viwanda. Faida ilikuwa ya kutisha. Robota zile zililimwa na kuchumwa na watu waliokuwa watumwa, na kila sadaka nitakayoitaja kuanzia hapa imetoka kwenye chungu hicho.

Sadaka zilikuwepo kweli. Mwaka 1827 aliwapa watawa wa Moyo Mtakatifu, waliokuwa chini ya Mama Philippine Duchesne, nyumba ya matofali na ardhi yake, kwa sharti la kulea mayatima wa kike 20. Mwaka uliofuata akawapa Masista wa Charity mahali pa kufungua hospitali. Angalieni mtindo wa mzee huyu: anatoa akiwa hai, anatoa nyumba yenye milango, na anataja idadi. Mayatima 20. Mtu yeyote anaweza kwenda kuwahesabu. Alipofariki mwaka 1833 hakuna aliyebaki akijiuliza alikusudia nini.

Kitu kingine cha kujua kuhusu urithi katika mji huo ni kwamba sheria yenyewe ilibadilika watu wakiwa ndani ya nyumba zao. Wafaransa wa St. Louis walirithiana kwa desturi waliyotoka nayo Paris. Mali iliyochumwa ndani ya ndoa ni ya mume na mke, mmoja akifa nusu ni ya aliyebaki, na mzazi hakuweza kumnyima mtoto kabisa hata angekasirika vipi. Mwaka 1816 bunge la Jimbo-tarajiwa la Missouri likapitisha sheria ya Kiingereza iwe msingi, pamoja na sheria za bunge la Uingereza zilizotungwa kabla ya mwaka 1607. Mjane wa Kifaransa aliyelala akijua nusu ya nyumba ni yake alihitaji wakili ili ajue ameamka na nini. Naitaja tarehe hiyo ya 1607 kwa sababu itatupiga kikumbo huko mbele.

Sasa dada zake Bryan. Mzee John aliacha mabinti kadhaa na mtoto mmoja tu wa kiume, na mabinti waliolewa na watu wa vyeo. Ann aliolewa na Thomas Biddle, ofisa wa jeshi, ambaye Agosti 1831 alikubali kupigana kwa bastola na mbunge Spencer Pettis kwa sababu ya matusi ya siasa. Biddle hakuwa akiona mbali, kwa hiyo wakasimama futi tano tu kati yao, kwenye kisiwa katikati ya mto. Wote wawili walikufa. Futi tano! Ni kama watu wawili wanaopeana mikono. Ann alibaki mjane tajiri bila mtoto, na kabla ya kufa mwaka 1846 akatenga mali kwa ajili ya wajane na watoto wasio na wazazi. Kwa hiyo Bryan hakuanzisha mwendo huu wa kutoa, aliukuta nyumbani.

Mary aliolewa na William Harney, mwanajeshi aliyekuja kuwa jenerali. Mwaka 1834, hapa St. Louis, Harney alimpiga mwanamke mtumwa aliyeitwa Hannah mpaka akafa. Mji ulichafuka, naye akakimbia. Baadaye akashtakiwa, akaachiwa, akaendelea kupanda vyeo. Hannah naandika jina lake hapa kwa sababu katika makaratasi ya mirathi ya zama hizo watu kama yeye huonekana kwenye orodha ya mali, kati ya ng'ombe na meza, jina moja bila ukoo, na bei pembeni. Mwenye mali akifa wakati huo, mojawapo ya njia za kugawana ilikuwa kuwapandisha watu kwenye ngazi za mahakama na kuwanadi. Jengo hilo la mahakama bado lipo katikati ya mji, lenye kuba kubwa. Ndani ya jengo hilohilo ndimo kesi ya Dred Scott na mkewe Harriet ilimosikilizwa, baada ya kuifungua mwaka 1846 wakidai uhuru kutoka kwa mjane wa daktari aliyekuwa bwana wao. Mgawo wa mirathi mpakani mwa Marekani, yaani kule makazi ya walowezi yalikoishia, ulikuwa na maana mbili, kutegemea umesimama upande gani wa orodha.

Bryan alizaliwa mwaka 1809, akasomeshwa Ulaya na Wajesuiti, akarudi kuwa wakili, diwani, hakimu, na mwaka 1847 meya. Mwaka 1845 alikuwa miongoni mwa waliounda tawi la kwanza la Chama cha Mtakatifu Vincent wa Paulo katika Marekani, kwenye kanisa kuu la zamani lililo jirani na mto. Kazi ya chama hicho ni kumwendea maskini nyumbani kwake, si kumsubiri ofisini. Kwa hiyo meya huyu alikuwa na mazoea ya kuingia kwenye vyumba vya watu.

Na vyumba vilijaa. Mwaka 1840 St. Louis ilikuwa na watu 16,469, mwaka 1850 watu 77,860. Waairishi waliokimbia njaa na Wajerumani waliochoka na nchi yao walipanda Mississippi kwa meli za mvuke kutoka New Orleans, wakishuka gatini na masanduku. Wengi hawakuwa na mpango wa kukaa. Hapa ndipo ulipobadilisha meli, ukanunua unga, nyama ya chumvi, shoka na maksai, kisha ukaupanda mto Missouri hadi Independence au St. Joseph na kuanza safari ya ardhini kwenda Oregon au California. Aliyeishiwa hela njiani aliishiwa hapa.

Kisha ukaja mwaka wenyewe wa wosia. Dhahabu ilikuwa imepatikana California, na majira ya kuchipua ya 1849 yakaleta wasafiri kuliko mji ulivyozoea. Kipindupindu kikaja nao kwenye meli. Usiku wa tarehe 17 Mei moto ulianza kwenye meli iliyoitwa White Cloud, ukararua meli nyingine 22 zilizofungwa karibu, ukaruka nchi kavu na kula mitaa ya biashara, majengo mia nne na zaidi. Na kipindupindu hakikusubiri majivu yapoe. Kilizidi Juni na Julai, na kufikia Agosti kilipotulia kilikuwa kimeua maelfu, takriban mtu mmoja kati ya kumi. Mwisho wa Agosti hiyo Bryan akachukua karatasi.

Ukiisoma ile sentensi ukijua hivyo, neno “wote” linaacha kuwa uzembe wa mwandishi. Hakuweza kutaja mayatima 20 kama baba yake. Watu aliowaona hawakuwa na idadi wala majina, na wiki iliyofuata wangekuwa wengine.

Warithi walikwenda mahakamani. Sishangai wala siwalaumu sana, na hasa nikifikiria neno jingine lililomo kwenye wosia: theluthi hiyo ilikuwa haijagawanywa. Anayetoka kwenye familia yenye nyumba ya urithi ataelewa mara moja. Nyumba ya bibi yangu kule Ngamiani ilikuwa na wenyewe tisa, na mwenye hisa isiyogawanywa hana chumba cha kuonyesha mgeni. Ana sehemu ya kila bati, kila mnazi, kila kodi ya mpangaji. Hauzi peke yake wala hajengi peke yake, na kila kikao cha ukoo kinaanza kwa kusomwa muhtasari wa kikao kilichopita ambao nusu ya waliohudhuria wanaukataa. Sasa mwondoe shangazi mmoja kwenye kikao hicho, umweke Meya wa Jiji na mwanasheria wake. Hivyo ndivyo wosia ulivyowafanyia dada zake Bryan: jiji zima likawa ndugu yao, kwenye kila kiwanja, katika mji ambao bei ya viwanja ilikuwa ikipanda.

Hoja zao zilikuwa za kisheria na hazikuwa za kijinga. Kwanza, jiji limeundwa kuendesha mambo ya jiji. Limepata wapi mamlaka ya kushika mali kwa ajili ya watu wanaopita tu, ambao shabaha yao ni kuondoka? Pili, amana inahitaji mwenyewe. Mwenye kudai ni nani hapa? Msafiri maskini ambaye kesho hayupo hawezi kufungua kesi, na mali isiyo na wa kuidai ni ya warithi.

Kesi ikabeba jina la Chambers, ukoo alikoolewa dada mmoja, na mwaka 1860 Mahakama ya Juu ya Missouri ikawakatalia. Wosia ni halali, jiji linaweza kuwa mdhamini. Hapa ndipo ule mwaka wa 1607 unapoingia. Sheria mama ya Waingereza kuhusu mali za hisani ilitungwa mwaka 1601, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, kwa hiyo ilikuwa ndani ya kikomo walichojiwekea Wamissouri mwaka 1816. Na katika mawazo ya sheria hiyo kutojulikana kwa wanufaika si kasoro. Hisani kwa asili yake ni kwa mtu usiyemjua. Ukimjua kwa jina ni zawadi.

Hilo nililipenda, na lilinikumbusha kesi kinyume chake iliyotoka Kenya. Wakfu wa familia, yaani ule unaowekwa kwa ajili ya kizazi cha mwenye mali kwanza na maskini mwisho kabisa, ulifika mbele ya majaji wa London miaka ya mwanzo ya 1950, nao wakaubatilisha kwa kufuata uamuzi waliokuwa wameutoa kuhusu India mwaka 1894: fungu la maskini liko mbali mno kuwa la kweli. Waislamu wa pwani waliona wameingiliwa kwenye dini yao. Zitazameni pamoja. Kwa Mullanphy ndugu walitaka maskini watolewe ili wao wapate, kule Kenya wenye mali waliweka maskini nyuma ya ndugu na majaji wakasema hamko makini. Swali ni lilelile la kila mirathi, nani asogee nani apite, na kila mara anayelijibu ni mgeni mwenye joho.

Baada ya ushindi jiji likaunda bodi ya wadhamini, na mwaka 1867 likajenga nyumba ya matofali Mtaa wa 14 kaskazini mwa mji, iitwayo Mullanphy Emigrant Home, wasafiri wapate pa kulala. Jengo halikuwa na bahati ndefu ya kazi yake. Mwaka 1869 reli ya kuvuka bara ilikamilika, na msafiri aliyekuwa akikaa St. Louis wiki tatu akitafuta maksai sasa alipita akiwa dirishani. Jengo likatumika shule, likatumika kiwanda, na dhoruba za mwaka 2006 zikabomoa ukuta wake.

Mwaka 1890 wahesabu watu wa Marekani walitangaza kwamba mstari wa mpaka, ule wa mwisho wa makazi ya walowezi, haupo tena. Magharibi imejaa. Tuseme pia kwamba haikuwahi kuwa tupu. Waosage, wenyeji wa asili wa huku, walisainishwa mkataba mwaka 1808 uliowaondolea sehemu kubwa ya Missouri yote, na kila “kufanya makazi” kwenye sentensi ya Bryan kulikuwa juu ya ardhi ya mtu. Sadaka yake ilikuwa nauli ya kumpeleka maskini mmoja kwenye shamba la maskini mwingine. Sioni dalili kwenye wosia kwamba aliliona hilo.

Lakini mfuko ulibaki. Una viwanja, una kodi, na kila mwaka wale unaopaswa kuwasaidia wanapungua. Fedha za marehemu zinapokosa pa kwenda, warithi hunusa. Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1934 wazao wa ukoo walirudi na hoja mpya: hakuna tena wahamiaji maskini wanaopitia hapa kwenda Magharibi, lengo limekufa, mali irudi nyumbani. Mahakama ikakataa tena. Ikasema nia kuu ya marehemu ilikuwa kumsaidia msafiri mwenye shida, na shida ya msafiri ipo, kwa hiyo fedha zielekezwe kwenye jambo lililo karibu kabisa na alilolitaka. Kwa njia hiyo mfuko ukaingia kwenye kazi ya kuwasaidia wasafiri waliokwama, na mashirika ya Travelers Aid ya Marekani mpaka leo yanauhesabu wosia wa Mullanphy kuwa ndio chimbuko lao.

Mjomba wangu mmoja, aliyesimamia wakfu wa msikiti miaka mingi, asingehitaji mahakama. Angesema mali ikishatoka kwa ajili ya Mungu hairudi jikoni. Nakubaliana naye. Ila hoja ya wale warithi, kwamba watu wa kusaidiwa wameisha, inanirudisha kwenye mwaka ambao watu walikuja.

Machi 1879 meli za mvuke zilianza kushusha kwenye gati la St. Louis familia za watu weusi kutoka Mississippi na Louisiana. Walikuwa wameachwa huru miaka kumi na minne tu, na Kusini ilikuwa imewageukia: wanauawa kwa kupiga kura, wanalima pamba na mwisho wa mwaka wanadaiwa wao. Wakasikia Kansas kuna ardhi. Wakauza kuku na sufuria, wakapanda meli wakiwa na watoto na mabunda. Hela ziliwaishia hapa.

Irudieni sentensi ya Bryan, neno kwa neno. Wahamiaji. Maskini. Wote. Wamefika St. Louis. Wako njiani. Kwa nia ya kweli. Kwenda kufanya makazi Magharibi. Sidhani kama katika miaka yote ya mfuko ule waliwahi kushuka gatini watu walioijaza sentensi hiyo kikamilifu kuliko wao, tena ni watoto wa wachuma pamba.

Meya wa wakati huo hakuwataka, na alifanya bidii kuwakatisha tamaa wasije. Mchango wa mfuko wa Mullanphy ulikuwa mdogo. Waliobeba mzigo ni watu weusi wa St. Louis wenyewe, wengi wao wafua nguo na wapakuzi wa meli, wakiongozwa na Charlton Tandy, mtu aliyezunguka akiomba fedha mpaka miji ya mashariki. Waliwalaza makanisani, St. Paul na mengine. Walipika, walitafuta nguo, kisha wakawalipia nauli ya meli ya kwenda Kansas, kundi baada ya kundi. Walipita maelfu kwa miezi michache. Hakuna aliyewaachia Tandy na wenzake theluthi ya kitu chochote, na bodi yenye viwanja ilikuwa mji huohuo.